Furungu la Meza ya Baba

Kichochoroni kwetu hapa Huế, mtu akizidisha woga tulikuwa tunamwambia, "Umeanza mambo ya Khuê." Mwenyewe alikuwa anasikia. Anapita na pikipiki yake mwendo wa konokono, anapiga honi kwenye kona ambayo hata kuku hayupo, anacheka kidogo, anaendelea na safari. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, msomi aliyesoma mpaka ng'ambo, ana maabara yake na wodi yake ya vitanda kumi na viwili, halafu kuvuka barabara anaangalia mara nne! Tulimcheka miaka na miaka. Siku hizi hatumcheki tena, tangu mama yake alipopita nyumba kwa nyumba kutuuliza nani anameza kidonge gani.

Kazi ya Khuê ni kuifuatilia dawa ikishamezwa. Wengi wetu tunadhani kidonge kikishapita kooni basi, kimefika. Thubutu! Utumbo unakivunja, ini linakivunja, na kile kinachosalia ndicho kinachotibu. Mwili wa huyu unavunja upesi, dawa haimgusi. Mwili wa yule unavunja polepole, dawa ileile inamlaza chini. Miaka kumi na mitano Khuê amekuwa akiipima tofauti hiyo kwenye damu za watu, na miaka yote hiyo roho yake iko mkononi. Vidonge anavihesabu mara tatu. Mizani anaijaribu asubuhi, halafu anaijaribu tena baada ya chai. Na dawa yoyote atakayowapa watu wa wodini, lazima kwanza aimeze yeye, muuguzi wake Sương amkalie kitako kumwangalia saa nane nzima.

"Siku moja utanifia mikononi," Sương humwambia, "na mimi nitaulizwa."

"Afadhali mimi kuliko wao," Khuê hujibu. Na hatanii.

Woga huo ulikuwa na chanzo chake, ila sisi majirani hatukukijua. Baba yake, mzee Trác, fundi wa saa, alishikwa na ugonjwa wa moyo Khuê akiwa mwaka wa mwisho chuoni. Akapewa kidonge cha kupunguza mafuta kwenye damu, kidogo, cha rangi ya waridi, kimoja kila jioni. Ulikuwa msimu wa mafurungu, yale mabalungi makubwa ya ganda nene. Nyuma ya nyumba yao kuna mfurungu wa zamani, matunda yake matamu mpaka ndugu waliopotea miaka hujitokeza kusalimia ukifika mwezi wa saba. Mkewe, Mama Lựu, akawa anammenyea furungu kila siku, anabandua ile ngozi nyeupe chembe kwa chembe, anamlisha kwa mkono wake. Wiki ya tatu mzee akaanza kulalamika miguu inamuuma. Wiki ya nne mkojo wake ukawa mweusi kama chai iliyolala. Figo zikagoma, na mzee akaondoka. Madaktari wakasema ni moyo, tukakubali sote, tukamzika.

Miaka minne baadaye, Khuê akiwa ng'ambo kwenye masomo, nchi ya theluji, alifungua kitabu maktabani. Ukurasa ulikuwa unaeleza kwamba matunda ya jamii ya balungi yanazima kile kimeng'enya cha utumboni kinachovunja dawa, dawa ikaingia kwenye damu nzima nzima kama haijaguswa. Chini yake kulikuwa na orodha ya dawa. Ya tatu ilikuwa ile ya baba yake. Mtu akizidiwa nayo, kitabu kilisema, misuli inayeyuka, mkojo unakuwa mweusi, figo zinakufa. Khuê alisoma mara tatu. Kisha akatoka nje, akashika ukuta, akatapika kwenye theluji.

Siku hiyohiyo aliapa kwamba mama yake hatajua. Akijua atakufa, alijisemea, na nitakuwa nimewaua wote wawili. Basi akarudi nyumbani na siri yake. Akalichunguza furungu kwa miaka, tena lile la uani kwao, akalipeleka maabara kwa namba bila jina, na jarida la wasomi likachapisha alichokiona. Mama Lựu, aliyekuwa akimwona anavyoyachuma, akapata habari kwamba tunda lake limeandikwa.

"Wamesemaje, mwanangu?"

"Wamelisifu, Mama."

Weee! Mtaa mzima tulikoma. Mama Lựu alitutangazia furungu lake mpaka wauza dagaa wakalijua. Na kila mwezi, siku ya mbalamwezi, lile zuri kuliko yote aliliweka kwenye meza ya marehemu, mbele ya picha ya mumewe. Khuê alikuwa akiwasha udi hapo huku ameinamisha kichwa. Mama yake alipoanza kuugua presha, Khuê alikwenda kwa daktari peke yake, akambembeleza abadilishe dawa, amwandikie ile isiyogombana na furungu. Hata hilo mama hakuambiwa.

Sasa twende kwenye siku yenyewe.

Kulikuwa na kidonge kipya cha presha, kimetengenezwa hapahapa nchini, na Khuê alitakiwa kukilinganisha na kile cha nje. Watu kumi na wawili wenye afya walijitolea. Wanaingia wodini mchana, wanalala humo, asubuhi wanameza, damu inatolewa kila baada ya muda. Walipoingia, Khuê aliwasomea masharti mwenyewe, maana hamwamini mtu mwingine kusoma.

"Furungu ni marufuku. Wiki mbili zilizopita hukula, na humu ndani huli. Nyama yake, maji yake, hata pipi ya ganda lake. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, Mwalimu!"

Kitanda namba tano alikuwa Thoại, mwendesha bodaboda, baba wa mabinti watatu, mdomo haufungi. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kumwangalia muuza furungu je?"

"Usimwangalie."

"Hata akiwa mzuri?"

Wodi ikaangua kicheko, na Khuê naye akacheka. Ilikuwa siku ya mbalamwezi ya mwezi wa saba, siku ya kuwakumbuka wazazi, na watu walikuwa na furaha.

Asubuhi yake, saa moja, wakaanza kumeza mmoja mmoja. Khuê aliwatazama vinywa, chini ya ulimi, kila mmoja. Saa mbili shwari. Saa tatu shwari. Saa nne kasoro, yuko mezani anaandika, akasikia sauti ya Sương ambayo hajawahi kuisikia.

"Khuê! Njoo! Namba tano!"

Thoại alikuwa chini, kati ya vitanda viwili, uso umepauka kama karatasi, midomo ya kijivu. Sương alikuwa amepiga magoti anamfunga mkanda wa kipimo mkononi. Sitini na nane juu. Chini thelathini na tano. Wakapima tena, sitini na nne.

Khuê alijua jinsi ya kuinua miguu ya mgonjwa, akaiinua. Alijua kuita daktari wa zamu, akaita. Lakini kichwani mwake alikuwa akikimbia kama kichaa. Nimekosea uzito. Nilihesabu mara tatu, lakini huenda mara zote tatu nilikosea. Mimi nilikimeza wiki iliyopita sikuona kitu. Nimemuua. Ana mabinti watatu, nimemuua. Daktari alikuja mbio, maji yakaanza kuingia kwenye mshipa, sindano ya kalsiamu ikafuata, na Thoại bado macho yamezunguka juu, anapumua kwa kukoroma.

"Ni dawa yako au ni mwili wake?" daktari aliuliza bila kuinua uso.

"Sijui."

"Jua basi! Una watu kumi na mmoja wengine humu wamemeza kitu hikihiki."

Khuê aligeuka akawaona. Walikuwa wameketi vitandani, watu wazima na akili zao, wanamtazama yeye. Akawauliza. Nani amekula kitu tofauti na chakula cha wodi? Hakuna. Nani amekula furungu? Mimi sijala, Mwalimu, kweli tupu, sijala. Na walikuwa hawadanganyi, unaona macho ya mtu.

Sương akawa anavuta mto wa Thoại ili amwekee chini ya miguu. Kitu kikadondoka. Kilikuwa kitambaa kilichofungwa fundo, na fundo lilipolegea, harufu ikajaa wodi nzima. Maganda ya furungu. Wanawake wetu huyachemsha wakaoshea nywele, na Thoại alikuwa amemwekea mkewe.

Lakini Khuê hakuyatazama maganda. Alikitazama kitambaa. Cha buluu, kimetariziwa shomoro wawili pembeni, mmoja mdomo umekosewa ukawa mrefu. Mkono ule aliujua. Ndicho kitambaa ambacho Mama Lựu hufungia tunda anapolishusha kutoka kwenye meza ya marehemu. Akakaa juu ya kitanda cha mgonjwa.

"Kitambaa cha nani?" Sương aliuliza.

Khuê alikuwa na hofu mbili kwa wakati mmoja, na ya pili, ile ya mama kujua, ilikuwa ya miaka kumi na saba.

Presha ikapanda kidogo, sabini na tano, sabini na nane. Thoại akafumbua macho. Khuê akainama sikioni kwake.

"Kaka Thoại, jana ulikula furungu?"

"Hapana, Mwalimu." Sauti ilikuwa nyembamba. "Naapa kwa wanangu."

"Na haya maganda?"

"Aa, hayo." Akajaribu kutabasamu. "Hiyo si kula, Mwalimu. Ile ni baraka. Imetoka mezani kwa marehemu baba yako, siku yenyewe ya jana. Mama amenipa kwa mikono miwili, namkataliaje? Ningekuwa mtu wa namna gani?"

Na hapa msimcheke Thoại, maana hata sisi tungejibu hivyohivyo. Kilichowekwa mbele ya wazee waliotangulia, kikishushwa, hakiitwi chakula tena. Hukiulizii njaa wala shibe. Unakipokea, unakitia mdomoni, unashukuru. Ungeniuliza mimi kama nimekula, ningesema sijala, na ningelala usingizi wangu.

"Mama aliniambia nigawane na wenzangu," Thoại aliendelea. "Wengine waliogopa masharti yako. Ni mimi na namba nane tu."

Khuê aliruka. Kitanda namba nane kilikuwa kitupu. Shuka limetandikwa vizuri, viatu havipo. "Yuko wapi? Namba nane yuko wapi?" Mtu akaonyesha chooni. Khuê na Sương walikimbia kwa pamoja wakagongana mlangoni. Wakamkuta bwana mmoja mnene, muuza vitambaa, ameshikilia sinki kwa mikono yote miwili, jasho jembamba limemfunika uso.

"Nipo sawa," alisema, "ila sakafu inapanda."

Wakamdaka kabla hajafika chini. Sekunde mbili zaidi na kichwa chake kingepasukia kwenye sementi ile.

Ilipofika saa nane mchana presha ya wote wawili ilikuwa juu ya mia moja. Thoại alishaanza maneno. "Mwalimu, nimemwona baba yako," alisema, "ananiambia nirudi kwanza, madereva huko wako wengi." Sương alicheka mpaka akalia, na akaendelea kulia. Khuê hakucheka. Alikuwa mezani na karatasi ya taarifa, ile inayopelekwa kwa wakubwa ajali ikitokea wodini. Aliandika saa, vipimo, dawa walizopewa wagonjwa. Akaandika "furungu." Chini yake palikuwa na mahali pa kujaza lilitoka wapi na liliingiaje wodini. Kalamu ikagoma. Asingeweza kuandika jina la mama yake pale kabla mama mwenyewe hajaambiwa, na akimwambia hili, mengine yote yatafuata. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni, akapanda pikipiki. Siku hiyo alivuka barabara bila kuangalia hata mara moja.

Mama Lựu alikuwa uani, kwenye kigoda, anachambua majani ya mboga.

"He, umerudi jua bado linawaka! Wamekufukuza?"

"Mama, jana ulikwenda wodini."

"Nilikuletea chakula. Nikaambiwa uko kwenye mkutano. Yule bwana wa bodaboda akanipokea kikapu getini, mtu ana adabu yule! Nikampa baraka ya baba yako. Nikawaza, wanameza madawa ya watu hawa, maskini, baba yako awalinde, na wewe ulale." Akamtazama binti yake usoni. "Nimekosea?"

"Alizimia, Mama. Yeye na mwenzake. Karibu afe."

Mikono ya Mama Lựu ilisimama ndani ya majani. "Kwa ajili ya nini?"

Khuê akamweleza. Alieleza kama anavyowaeleza wanafunzi, kwa sababu hakuwa na njia nyingine: utumbo unavyovunja dawa, furungu linavyouzuia, kidonge kimoja kinavyogeuka kuwa kama vinne.

"Wewe si uliniambia wamelisifu?"

"Nilikudanganya."

Kuku walikuwa wanapekua chini ya mfurungu. Mama Lựu aliwatazama. Khuê alikuwa amejiandalia majibu ya saa hii kwa miaka kumi na saba, alikuwa nayo manne, ameyapanga, na sasa akafumbua mdomo aanze la kwanza.

"Baba yako," mama alisema polepole, "alikuwa na kidonge cha waridi."

"Mama..."

"Kila jioni. Na mimi mchana namlisha." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyomtisha Khuê kuliko kilio. "Siku za mwisho akawa hataki. Anasema, leo basi, Lựu. Nikamwambia acha utoto, kula upate nguvu. Nikamfumbua mdomo."

"Hatuna hakika, Mama. Moyo wake ulikuwa mbovu. Inawezekana kabisa ni..."

"Usinifanye mjinga, Khuê. Ulijua lini?"

"Nikiwa masomoni. Mwaka wa pili."

Mama Lựu akahesabu kwa vidole vyenye matope ya mboga, vikamwisha, akaanza upya. "Kumi na saba. Kila mwezi namwekea lile lile tunda mezani. Wewe unawasha udi umeinamisha kichwa, mimi najisemea, tazama mwanangu anavyompenda baba yake."

"Niliogopa utakufa."

"Na leo huogopi?"

"Naogopa, Mama. Naogopa mpaka siwezi kusimama."

Mama Lựu aliinuka. Akanawa mikono kwenye ndoo, akaifuta, akaingia ndani. Khuê alimfuata kwa mbali. Kwenye chumba cha mbele furungu la pili kati ya yale mawili ya jana lilikuwa bado mezani, limekaa mbele ya picha ya mzee Trác na tabasamu lake la upande mmoja. Mama alilishusha kwa mikono miwili. Akageuka nalo kulia, akageuka kushoto, hajui aliweke wapi. Baraka haitupwi. Mwisho akaliweka sakafuni, karibu na ukuta, akapiga magoti yale magoti yake ya miaka sabini.

"Baba Khuê, nisamehe," alisema. "Mimi sikujua."

Akaigusa sakafu kwa paji la uso.

"Mtoto alijua."

Khuê alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Ile karatasi ilikuwa inakwaruza mfukoni kila akipumua. Alingoja mama yake aanguke, alingoja moyo ule usimame kama alivyokuwa akiogopa miaka yote, na mama hakuanguka. Alichukua vijiti vitatu vya udi, akaviwasha, akachukua vingine vitatu, akavinyoosha nyuma bila kugeuka.

"Mbona umesimama? Njoo. Na wewe una lako la kumwambia."